Nimepita pale kaunta ya laibrari mwaka mzima nikidhani kile kikaratasi ni tangazo la faini

Juzi mjomba kanipigia kutoka Mafinga, jirani kasogeza mpaka kaingia kwenye shamba la miti la mjomba. "Kamwene mwanasheria," ananiitaga hivyo na mimi niko mwaka wa pili tu, "nikimpeleka kata si wataamua?" Nikamwambia ndiyo mjomba, wanaamua, maana kitabu cha laibrari nilikisoma mwenyewe, baraza la kata linaamua mgogoro wa ardhi isiyozidi thamani ya milioni 3.

Asubuhi na baridi lile la Iringa nikaenda kutoa kopi nimtumie. Dada mkutubi akachukua kitabu, akafunua kurasa za mwanzo, akaweka kidole kwenye mwaka kilipochapwa, akacheka, akanivuta kwenye kompyuta.

Akafungua TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu, ni ya Mahakama ya Tanzania na ni bure, haina mambo ya pasiwedi. Kumbe sheria ya mabaraza ya ardhi, Sura ya 216, ilibadilishwa 2021, kata siku hizi inapatanisha tu, wana siku 30, wakishindwa wanathibitisha kwa maandishi ndo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Jasho lilinitoka na baridi yote ile.

Halafu mimi kutafuta nilikuwa sijui aisee. Nilikuwa naandika sentensi nzima ya Kiswahili kama namsimulia mtu, inaleta sifuri, wakati hukumu nyingi pale ni za Kiingereza. Dada akaniambia tafuta neno la kisheria lenyewe, lifungie kwenye alama za nukuu, kisha chuja kwa mahakama na mwaka, na namba ya hukumu uisome: TZCA ni Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu, usije ukambishia Jaji wa Rufani kwa hukumu ya chini yake 😂

Nikauliza na majarida je, akanionyesha kikaratasi kilichobandikwa kaunta, kimefifia, kina maelezo ya GOALI, ile programu ya mtandaoni ya ILO, Shirika la Kazi Duniani, iliyoanza 2018, majarida na vitabu vya sheria kibao, pasiwedi kinapewa chuo so unamuomba mkutubi tu. Na mimi nilikuwa namaliza bando kugugo vipande vya PDF!

Jioni nikampigia mjomba nikamweleza vyote, kata, siku 30, wilaya. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo jana ulinidanganya."