Vile niliwaelewesha watu wa chama kura ya Agosti, Ohio

Ushauri mbaya zaidi niliopewa 2023 hapa Columbus ulikuwa "wewe tafsiri tu hiyo karatasi ya kueleza kura kwa Kiswahili, watu wataelewa." Aliyeniambia ni jamaa wa kampeni, kijana mzuri, lakini hajawahi kukaa kwenye kikao cha chama chetu cha kuchangiana. Haya, nikatafsiri, nikasoma mbele ya watu, asilimia 60, kaunti 88, siku 10, kuinua macho mzee mmoja amesinzia na mwekahazina anahesabu michango.

Kwa wasiojua, raia wa Ohio wana haki ya kukusanya saini na kupeleka mabadiliko ya katiba ya jimbo kwa kura tangu 1912, na zaidi ya nusu ya kura inatosha. Wabunge wa jimbo wakaleta pendekezo lililoitwa Issue 1, la kupigiwa kura tarehe 8 Agosti, wanataka ifike asilimia 60, saini zitoke kaunti zote 88 badala ya 44, yaani hata kaunti ndogo ya Vinton yenye watu kama 13,000 ingeweza kuwakwamisha wengine wote, na zile siku 10 za kujazia saini zikipungua zifutwe. Kichekesho ni kwamba yenyewe ilihitaji nusu tu ipite! Na ni hao hao walikuwa wamefuta chaguzi nyingi za Agosti miezi michache kabla, ati ni gharama na watu hawatokei.

Sasa kikao kilichofuata sikutaja siasa kabisa. Nikaleta hoja ya pikniki, kila mwaka tunakula kuku, je tubadilishe tuchinje mbuzi? Tulikuwa ishirini. Mikono ya mbuzi 11, ya kuku 9, makofi, mtu ashaanza kutaja shamba lenye mbuzi wanono. Nikasimama nikasema poleni, mbuzi ameshindwa, ni kuku. Kelele! Mama mmoja wa Machakos akainuka na pochi mkononi, "Kwani siku hizi kumi na moja ni kidogo kuliko tisa?" Nikamwambia mama, kanuni mpya ni asilimia 60, ilitakiwa 12. "Na nani aliitunga?" Mimi, jana usiku. Haki ya Mungu alitaka kunigonga na hiyo pochi. Hapo ndipo nikatoa karatasi yangu, na yule mzee wa usingizi ndiye aliuliza maswali mengi kuliko wote.

Ilibaki tu kuwaeleza kwamba kumtetea mbuzi ni kuweka alama kwenye Hapana, hiyo ilichukua muda kuliko unavyofikiria. Wengi tukapigia mapema pale ofisi ya uchaguzi ya Morse Road, petroli na mandazi zilinila kama dola themanini, mia, huko. Na bebeni kitambulisho chenye picha, leseni ya Ohio au pasipoti ya Marekani. Kama una green card (kibali cha kuishi Marekani) peke yake usijaribu hata kujiandikisha, utajiharibia kesi yako ya uraia bure.

Hapana ilishinda kwa asilimia kama 57. Novemba hoja ya raia ya kuweka haki za uzazi, hata kutoa mimba, kwenye katiba ya jimbo ikapita kwa 57 hivi, ingekuwa ni 60 ingeanguka, na kuna watu wa kanisani kwetu mpaka leo wananinunia kwa hiyo. Nawaambia nyinyi pia mna haki hiyo hiyo, kusanyeni saini zenu, zilizohitajika zilikuwa kama 413,000 mwaka huo, nitawapa hata klipubodi zangu.