Kama Taa

Juzi nilikuwa nafunga samaki changu kwenye foil, nimeshamtia ndimu na kitunguu saumu, mjukuu wangu akaja na daftari la Kiingereza. "Bibi, hapa polisi wame-foil wizi wa benki. Ndiyo hii?" Akaigusa ile karatasi.

Siyo hii, nikamwambia. Hii ya samaki asili yake ni neno la Kilatini la jani. Ile ya polisi ilitoka Kifaransa cha kale, kukanyaga, na wawindaji wa Uingereza waliitumia kwa mnyama anayevuruga nyayo ili mbwa wapoteze harufu yake. Siku hizi ni kumharibia mtu mpango kabla haujatimia.

"Kwa Kiswahili?"

"Kuzima," nikasema, na samaki nikamwacha vilevile, nusu kafungwa.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Kaka yuko Nairobi, mwaka wa pili chuo kikuu. Sisi tuko Mombasa, Mama amefunga sita zake za Shawwal, Baba anasubiri uji upoe. Redio iko juu ya kabati la vyombo. Sauti ni ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ile ile tuliyoizoea, inatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kwamba askari wa jeshi la anga walikwenda kumtoa nyumbani kwake na kumlazimisha kusoma, hilo tulilijua baadaye.

Baba akanyoosha mkono aizime. Kusikiliza tu maneno yale aliona ni hatari, na madirisha yetu yalitazamana na ya watu.

Mama akamuwahi. Akauweka mkono wake juu ya mkono wa Baba, yote miwili juu ya kile kifundo cha redio. Hina ya Idi ilikuwa imeanza kumtoka, imebaki nyekundu kwenye kucha. "Usizime. Mwanangu yuko huko."

Baba hakujibu. Hakuzima, wala mkono hakuuondoa. Mama naye hakumwachia. Walisimama hivyo muziki ukipigwa, wimbo ukiisha unaingia mwingine, nami nimekaa mkekani nawatazama ile mikono. Sikuwahi kuwaona wameshikana mikono kabla ya siku ile. Uji wa Baba ukafanya utando juu.

Mchana jirani akapaza sauti dirishani: "Yamezimwa! Mapinduzi yamezimwa!" Alikuwa na furaha, na nje nikasikia watu wakimshukuru Mungu. Mama akakaa chini, pale pale sakafuni.

"Wamezimwa kina nani?" akauliza.

Hakuna aliyemjibu.

Kaka alifika siku ya tano, kwa basi, bila sanduku lake. Chuo kikafungwa kwa zaidi ya mwaka, na yeye kila wiki akawa anakwenda kuripoti kwa chifu. Kilipofunguliwa hakurudi. Akaingia kwenye biashara ya vipuri vya magari na yuko humo mpaka leo. Vitabu vyake vya uhandisi Mama alivifunga kwenye leso, akaviweka chini ya kitanda. Tulipomzika tulivikuta, leso ile ile.

Magazeti ya Kiingereza hulitumia neno hilo, foil, kwa wizi, kwa njama, kwa mapinduzi, na anayezima mara nyingi huwa ni polisi au serikali. Kwa masomo ya kijana wa miaka 21 sijaliona likiandikwa. Nilitaka kumwambia mjukuu hivyo, nikaona mwalimu kaomba sentensi moja tu.

Akaandika "kuzima". Akainua uso. "Kama taa?"

"Ndiyo. Kama taa."

Usiku nikampigia Kaka. Miaka yote hii sijamwuliza kwa nini hakurudi, na nilikuwa nimekusudia kumwuliza. Akaniambia magoti yanamsumbua, na kwamba mzigo wa vipuri umekwama bandarini. Nikamwambia apake mafuta ya karafuu.

"Mama ndiye alikuwa akinipaka," akasema.

Tukanyamaza kidogo, kila mtu na simu yake sikioni.