Kibao bado kitupu

Jamani, kumpa mtoto jina ni rahisi kuliko kulipa jina shamba.

Ekari zetu mbili ziko Mambrui, ukishavuka daraja la Sabaki kutoka Malindi mjini. Minazi, mikorosho, mbuzi saba na kisima. Mdogo wangu alitaka jina la Kizungu lenye bahari ndani yake, eti watalii wasimame. Bahari yenyewe huioni mpaka upande mnazi! Shangazi akaleta Raha Tupu (hajawahi kushika jembe huyo). Mama akasema Jasho la Baba. Mzee akaruka: "Mimi sijafa, msiniandike kibaoni kama kaburini."

Mimi nikapendekeza Sabaki. Baba akacheka, akaniuliza mto gani, maana maji hayo hayo kule bara huitwa Athi, yakishapita Tsavo ni Galana, na Sabaki ni yakikaribia kumwagika baharini kwetu huku. Nikanyamaza.

Jumamosi nikampigia kijana wa bodaboda aniletee miche ya miembe. Namwelekeza: msikitini, kata kushoto, mkwaju mkubwa... Akanikatiza. "Si useme tu Kwa Majibaridi?"

Kumbe akina mama wanaokuja kuteka kwetu, kwa kuwa visima vya jirani vina chumvi, walishatupa jina miaka mingi. Sisi wenyewe ndio tulikuwa hatujui tunakaa wapi.

Kibao kiko kwa fundi. Shangazi hajapokea simu yangu tangu juzi.