Sarafu ya kuazima

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka sita nilipomfanyia mazingaombwe yangu ya kwanza. Nilishika sarafu mkono wa kushoto, nikajifanya naichukua kwa wa kulia, nikafumba ngumi na kupuliza. Hakungoja hata nifumbue. "Mjomba, iko mkono ule," akasema, akarudi kwenye mchezo wake.

Wiki nzima nilikuwa nimejifua, na nilichojifua ni kasi tu. Niliamini ufundi ni wepesi wa mikono. Kumbe lugha yetu ilishataja siri: kiinimacho. Na macho ya kwanza kushughulikiwa ni ya mfanyaji mwenyewe.

Nikasimamisha simu mezani nikajirekodi, ila safari hii sikudanganya. Niliichukua sarafu kweli, mara ishirini. Nilipotazama, niliona macho yangu yakiufuata mkono wa kulia na bega likigeukia huko huko, huku wa kushoto ukishuka wenyewe, umelegea, hauna kazi tena. Kisha nikarekodi uchukuaji ule wa uongo. Macho yalikuwa yameganda kushoto, vidole vimekakamaa kama vimebeba yai. Mtoto alikuwa amesoma hicho.

Mbinu yenyewe ni fupi. Sarafu inashikwa kwa ncha za vidole vya kushoto, gumba upande huu, vidole vingine upande wa pili, kiganja kikitazama juu. Mkono wa kulia unaijia kwa juu, gumba lake likipita chini ya sarafu. Vidole vya kulia vikishaikinga, gumba la kushoto linaachia, sarafu inalala kwenye mashina ya vidole. Wa kulia unafumba patupu na kuondoka. Kuanzia hapo mimi mwenyewe naamini sarafu imekwenda kulia, naitazama huko, nauliza swali, natulia kidogo kabla ya kufumbua. Kule kutulia ndiko kulikonichukua muda mrefu kuliko yote, maana mkono wenye siri unawasha!

Mpira wa kufungia karatasi ulinijia kwa urahisi. Unauvisha kidole cha shahada na cha kati, unauvuta kwa mkono wa pili huku ukikunja ngumi ili ncha za vidole vyote vinne ziingie ndani yake. Ukifumbua, mpira unaruka kwenye cha pete na cha mwisho. Watu watakwambia urudie. Usirudie, mara ya pili wanajua pa kutazama.

Aliyenifungua akili zaidi ni Tony Slydini, mfanya mazingaombwe mzaliwa wa Italia aliyevuma New York. Alimketisha mtu kitini na kumpotezea vidonge vya karatasi, akivirusha juu ya kichwa cha mtu huyo. Ukumbi wote uliviona vikiruka, isipokuwa yule aliyekaa, kwa sababu macho yake yalikuwa yameongozwa kwingine. Hakuna kifaa hapo, ni karatasi tu.

Ndiyo maana sibebi kitu. Huazima kilichopo, na kitu cha kuazima hakishukiwi.

Miezi minne baadaye, baada ya chakula, nilimwomba mpwa wangu sarafu yake mwenyewe. Niliichukua polepole, nikauangalia mkono wangu wa kulia, nikamuuliza habari za shule. Akajibu. Kisha akaishika ngumi yangu kwa mikono yake miwili, akaanza kuifumbua kidole kimoja kimoja.