Joho la babu na zari isiyopita kitambaani

Wiki mbili sasa nalitengeneza joho la babu, hapa Mikindani. Zari ya kolani ilikuwa imeachia, inaning'inia kama unywele. Mwanzoni niliitunga kwenye sindano nikashona kama ninavyodarizi kofia. Mara ya tatu kuvuta, ikachunika: dhahabu ikajikunja juu, chini ukatokeza uzi mtupu wa pamba. Roho iliniuma sana.

Bibi alipoona akaniambia, "Mjukuu wangu, zari hailazimishwi kupita. Inalazwa." Kumbe zari ni utepe mwembamba wa madini uliozungushwa kwenye uzi wa pamba au hariri, na tundu la kitambaa huuchubua. Kwa hiyo unailaza juu, kisha unaikamata kwa uzi mwembamba wa njano, vishono vimekaribiana kama upana wa punje ya mchele. Ncha tu ndizo huzamishwa nyuma.

Mafundi wa zardozi, yaani udarizi wa nyuzi za madini, kule Lucknow, India, nao huilaza, kitambaa kikiwa kimewambwa kwenye fremu ya mbao. Wajapani hubandika dhahabu kwenye karatasi, wakaikata nyembamba na kuizungushia hariri. Na maandishi ya kiswa, kile kitambaa kinachoifunika Kaaba, huinuliwa kwa pamba, juu yake zikalazwa nyuzi za fedha zilizopakwa dhahabu. Huko kuinua ndiko ninakokupenda zaidi, maana mwanga hupata mahali pa kutua.

Imebaki kola upande wa kushoto. Kaka anaoa mwezi ujao, na joho ni lake.