Maziwa ya sili: zaidi ya nusu ni mafuta

Wenzangu wa Mombasa, mkiona picha ya mtoto wa sili wa kijivu (mnyama wa bahari za baridi, anayezalia nje ya maji), manyoya meupe, shingo haionekani kwa unene, jueni yale yote ni maziwa. Ya ng'ombe tunayopikia chai yana mafuta asilimia 4 hivi. Ya sili hupanda hadi karibu 60, na sukari yake ni kidogo mno. Mtoto huzaliwa na kilo kama 14, huongeza karibu 2 kwa siku, na akifika siku 18 hivi huachishwa ana kilo 40 na ushei. Mama muda wote huo hali kitu, anayeyusha mafuta yake mwenyewe, maskini! Watu wakimsogelea akakimbilia baharini, mtoto hukonda upesi. Wala asipewe maziwa ya ng'ombe, yatamharisha.