Chupa Tupu za Yomitan

Asubuhi nzima ya leo nimekuwa kwenye beseni la maji, nikibandua lebo za chupa tupu ambazo karakana yetu ya Yomitan huziyeyusha kutengenezea bilauri, na kung'oa vipete vya alumini vinavyosalia shingoni baada ya kifuniko kufunguliwa. Hakuna mtalii anayepiga picha kazi hii, lakini ndiyo inayoamua uzima wa bilauri: kipande kidogo cha alumini kikiingia tanurini huzaa punje ngumu ya kijivu ndani ya kioo, na ufa huanzia papo hapo. Baadaye huzichambua chupa kwa rangi na aina, kwa kuwa vioo vya asili mbalimbali havinywei sawasawa vinapopoa, na vikichanganywa hupasuana.

Hapa Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani, ufundi huu wa kupuliza vioo umekuzwa na uhaba. Kabla ya vita mafundi walitengeneza chemni za taa na chupa za dawa. Baada ya 1945, kisiwa kikiwa magofu na malighafi hazipatikani, waliyeyusha chupa za bia na soda zilizotupwa na kambi za jeshi la Marekani, na Wamarekani haohao wakawa wanunuzi wao. Mapovu yaliyonaswa ndani ya kioo, ambayo kwingineko yangehesabiwa dosari, yakageuka kuwa pambo, na mwaka 1998 Mkoa wa Okinawa ukautambua ufundi huu rasmi kuwa sanaa ya jadi. Siku hizi wapo wanaotia magadi kwa makusudi ili mapovu yazidi. Siwalaumu, ingawa mimi napenda zaidi yale machache yaliyojileta yenyewe.

Kioo cha chupa kina tabia moja inayotawala maisha yetu yote karakanani: hukaza upesi, kwa sababu kiliundwa kwa ajili ya mashine za kiwandani zenye haraka. Fundi huchota donge jekundu kwa ncha ya bomba, hupuliza huku akilizungusha bila kusita, nami huwa nimekwisha kusimama kando yake na fimbo ya chuma yenye tone la kioo cha moto. Naigandisha kwenye kitako cha bilauri, yeye hugonga bomba mara moja, chombo hubaki mikononi mwangu, hurudi motoni, kisha mdomo wake hupanuliwa kwa koleo. Hakuna anayeamrisha, nikichelewa kidogo tu, kitako hakishiki.

Nje ni mashamba ya miwa na viazi vitamu vya zambarau, na majirani zetu ni wafinyanzi, ambao wengi walimfuata mfinyanzi mashuhuri Kinjo Jiro aliyehamia Yomitan mwaka 1972. Kiangazi karakana huwa haivumiliki, na tanuri halizimwi hata usiku.

Mgahawa mmoja wa Naha, mji mkuu wa mkoa, umeagiza bilauri za samawati tupu, rangi tunayoipata kwenye chupa za awamori, pombe ya mchele ya hapa. Nimewajibu kwamba muda wa kuzikamilisha utategemea wanakijiji watakunywa kiasi gani mwezi huu.